Dk. Denis Burkitt: Daktari wa Jicho Moja na Unga Wetu

Somo: Danieli 1:8-16, 1 Wakorintho 6:19-20



Kila tukimaliza mfungo wa mwanzo wa mwaka, kuna swali moja linarudi. Watu wamepungua kilo mbili tatu, nguo zinawatosha tena, wengine wamepimwa sukari wakaambiwa imeshuka. Basi wanauliza: Pasta, siri ya afya na maisha marefu ni kula kidogo, ama ni kula chakula kizuri? Wengine hata hawangoji jibu, wameshaamua. Utapata dada ameacha chakula cha mchana kabisa, lakini asubuhi amekunywa vikombe viwili vya chai ya sukari na mandazi matatu. Utapata mzee anajivunia sahani yake ndogo, na hiyo sahani ndogo ni ugali mweupe na nyama, mboga hakuna. Wote wanajitahidi kweli. Shida ni mahali walipoweka hizo juhudi.

Mimi si daktari. Nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma, na mtu wa biashara hufundishwa kwamba kabla ya kupunguza kiasi, akague bidhaa yenyewe. Ukiagiza bidhaa mbovu halafu upunguze oda, bado utapokea bidhaa mbovu, ila ni chache.

Kwa hivyo wiki hii nimeona nisijibu kwa hoja tupu. Nitawasimulia maisha ya mtu. Ni daktari aliyeokoka, aliyefanya kazi hapa jirani Uganda kwa karibu miaka 20, akafa mwaka wa 1993. Jina lake bado linatajwa kwenye wodi za watoto kule MTRH Eldoret, ingawa wengi wanaolisikia hudhani ni jina la ugonjwa tu. Anaitwa Denis Burkitt.

Jicho moja

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa kaunti, na muda wake wa mapumziko aliutumia kuchunguza ndege. Aliwafunga ndege wadogo pete miguuni ili awatambue, halafu akachora ramani kuonyesha kila mmoja anakaa upande gani wa shamba. Ungemwona ungedhani ni mzee anayepoteza wakati. Lakini mtoto alikuwa anaangalia. Shika hiyo habari ya ramani, tutairudia.

Denis alipokuwa na miaka 11, vijana wa shule walirushiana mawe. Jiwe moja likampiga usoni, miwani ikavunjika, na jicho lake la kulia likapotea. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake alitumia jicho moja.

Mwaka wa 1929 aliingia Trinity College, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake. Hapo chuoni akakutana na kikundi cha wanafunzi waliokuwa wakisoma Neno na kuomba pamoja. Akampa Yesu maisha yake, na katika maombi akaona anaitwa kuwa daktari. Akabadilisha kozi. Alihitimu udaktari mwaka wa 1935, na mwaka wa 1938 akafuzu kuwa daktari wa upasuaji huko Edinburgh. Hebu fikiria, mtu wa jicho moja ameshika kisu cha upasuaji!

Alitamani kuja Afrika. Akaomba kazi katika idara ya matibabu ya makoloni, wakamkataa kwa sababu ya lile jicho. Wapendwa, kuna watu hapa wamekataliwa kazi, wamekataliwa visa, wamekataliwa hata na jamaa zao. Burkitt hakugombana na mtu. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeanza, akaingia jeshini kama daktari, na jeshi hilohilo likamleta Kenya. Mwaka wa 1943 alimwoa Olive Rogers, muuguzi, na Mungu akawapa mabinti watatu. Vita vilipokwisha aliomba tena ile kazi, wakamkubali. Mwaka wa 1946 akatumwa Uganda, katika hospitali ya Lira, wilaya ya Lango.

Ramani

Huko Lira alikuta wanaume wengi wana mabusha. Daktari mwingine angewapasua, awaandikie dawa, na kuendelea na kazi. Burkitt aliwapasua, lakini pia aliwauliza wametoka wapi. Akagundua kwamba wengi walitoka upande wa mashariki wa wilaya, na upande wa magharibi ugonjwa ulikuwa nadra. Akachora ramani, kama baba yake na ndege wake. Nyuma ya tofauti hiyo kulikuwa na minyoo inayoenezwa na mbu.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake maisha yake yote, na naomba uushike kwa sababu ndio utatupeleka kwenye sahani yako. Mbali na kuuliza huyu mgonjwa ana nini, aliuliza pia ni wapi ugonjwa huu upo, ni wapi haupo, na kati ya hapa na pale kuna tofauti gani.

Baadaye alihamishiwa Mulago, Kampala. Mwaka wa 1957 mwenzake, Dk. Hugh Trowell, alimwita amwone mvulana mdogo aliyevimba taya pande zote. Haikupita muda, Burkitt akiwa amekwenda Jinja, akaona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ileile. Mmoja ungesema ni bahati mbaya. Wa pili akamfanya aanze kutafuta. Alipekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka wa 1958 akaandika kuhusu saratani ya taya za watoto ambayo hakuna aliyekuwa ameieleza hivyo kabla yake. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt, na ndiyo hiyo inayotibiwa MTRH kwa watoto wa magharibi mwa Kenya.

Alitaka kujua saratani hiyo inafika wapi na kuishia wapi. Pesa za utafiti zilikuwa kidogo sana. Mwaka wa 1961 akanunua gari kuukuu aina ya Ford kwa pauni 250, akasafiri na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, kwa karibu wiki 10 na kama maili 10,000, yaani kilomita 16,000. Walipita hospitali zaidi ya 50 za mashariki na kusini mwa Afrika, wakionyesha picha za wagonjwa na kuuliza swali moja: mmewahi kuona hii? Ramani ilipokamilika ilionyesha kwamba ugonjwa hupenda sehemu zenye joto na mvua, na nyanda za juu zenye baridi kama zetu haukai sana. Habari hiyo ndiyo iliyowasaidia wanasayansi kutambua mchango wa malaria. Na mihadhara yake ndiyo iliyomfanya Anthony Epstein aombe vipande vya uvimbe kutoka Uganda. Mwaka wa 1964 Epstein na wenzake wakapata ndani yake kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Burkitt pia alikuwa kati ya wa kwanza kuonyesha kwamba dawa zinaweza kuwaponya watoto wa aina hiyo.

Mtu angeweza kustaafu hapo kwa heshima. Lakini habari ya leo inaanza alipoondoka Afrika.

Kile ambacho hakukiona Uganda

Mwaka wa 1966 alirudi Uingereza. Mwaka uliofuata akakutanishwa na Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la wanamaji. Cleave alikuwa na wazo ambalo madaktari wengi walilidharau. Alisema magonjwa mengi ya nchi tajiri, ambayo kila moja lilikuwa na daktari wake na wodi yake, yana chanzo kimoja: sukari nyeupe na unga mweupe, vyakula ambavyo binadamu amevikoboa mpaka vikapoteza asili yake.

Wengine walimcheka. Burkitt alikaa kimya akafikiri, kwa sababu alikuwa na kitu ambacho wale wengine hawakuwa nacho. Alikuwa amepasua watu Uganda kwa karibu miaka 20. Akakumbuka magonjwa ambayo karibu hakuyaona kwa watu wa vijijini: apendiksi, mawe ya nyongo, vifuko vinavyojitokeza kwenye utumbo mpana, saratani ya utumbo huo. Huko Uingereza hayo ndiyo yaliyojaza vyumba vya upasuaji. Hata Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda tangu mwaka wa 1929, ilipofika mwaka wa 1956 alimwandika Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo kama jambo geni. Leo ingia hospitali yoyote ya Kenya uone kama ni jambo geni.

Lakini Burkitt hakutegemea kumbukumbu zake peke yake. Alikuwa na marafiki katika hospitali za misheni zaidi ya 100, Afrika na kwingineko, tangu siku za ile saratani ya taya. Akaanza kuwatumia fomu kila mwezi: mwezi huu mmepasua apendiksi ngapi? Mmeona mawe ya nyongo mangapi? Majibu yalikuja kwa posta, na ramani ikaanza kujichora tena. Pale watu walipokula nafaka nzima, maharagwe, viazi na mboga, magonjwa hayo yalikuwa machache. Pale mkate mweupe na sukari vilipofika, magonjwa yalifuata baada ya miaka.

Halafu akafanya kitu ambacho, wapendwa, naomba msicheke. Alipima kinyesi. Yeye na mwenzake Alec Walker wa Afrika Kusini waliwapima wanakijiji wa Afrika na watu wa Uingereza. Mwingereza alitoa kama gramu 100 kwa siku. Mwanakijiji wa Afrika alitoa kati ya gramu 300 na 500. Chakula kilipita kwenye tumbo la mwanakijiji kwa kama siku moja na nusu, na kwenye tumbo la Mwingereza kilikaa siku tatu au zaidi. Burkitt alizunguka dunia akionyesha picha za mambo hayo mbele ya maprofesa, bila aibu.

Tofauti ilikuwa kitu ambacho vitabu vya lishe vya wakati huo vilikihesabu kama takataka: nyuzinyuzi. Ni ile sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuisaga. Inavuta maji, inalainisha choo, inapunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Wataalamu wamejua pia kwamba bakteria wazuri walio tumboni hula nyuzinyuzi hizo na kutoa asidi ambazo hulisha ukuta wa utumbo. Yaani kile kilichoitwa makapi kilikuwa na kazi.

Mwaka wa 1975 Burkitt na Trowell walitoa kitabu cha kitaalamu juu ya vyakula vilivyokobolewa na magonjwa. Trowell wakati huo alikuwa ameshaacha hospitali na kuwa kasisi wa Kianglikana. Mwaka wa 1979 Burkitt akaandika kingine cha watu wa kawaida, akiwakumbusha wasisahau nyuzinyuzi. Alihubiri makanisani kama alivyohutubia vyuoni, na hakuona mpaka kati ya kazi hizo mbili. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82.

Je, alikuwa sahihi? Si kila kitu. Wanakijiji aliowalinganisha na Waingereza walitofautiana nao kwa mengi: walitembea zaidi, walilima, hawakuwa wanene. Kuhusu saratani ya utumbo, tafiti zilivutana kwa miaka. Lakini mwaka wa 2015 watafiti waliwabadilishia chakula Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini kwa wiki mbili. Wamarekani walipokula chakula cha kijijini chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache, dalili za hatari kwenye utumbo zilipungua. Waafrika walipokula chakula cha Marekani, zilipanda. Wiki mbili tu! Na mwaka wa 2019 jarida la Lancet lilijumlisha tafiti 185 za watu waliofuatiliwa kwa miaka, pamoja na majaribio 58. Waliokula nyuzinyuzi nyingi, wakilinganishwa na waliokula chache, walikuwa na vifo vichache, na magonjwa machache ya moyo, kiharusi, sukari na saratani ya utumbo, kwa kati ya asilimia 15 na 30. Faida kubwa ilionekana kwa wanaokula gramu 25 hadi 29 kwa siku.

Na kula kidogo je?

Kuna watakaosema, Pasta, lakini kuna utafiti unaoonyesha kwamba wanaokula kidogo huishi zaidi. Ni kweli. Mwaka wa 1935 Clive McCay wa chuo cha Cornell, Marekani, alionyesha kwamba panya waliopunguziwa chakula waliishi muda mrefu zaidi. Lakini angalia alichofanya: alipunguza kiasi, akahakikisha vitamini na madini hayapungui. Hakuwapa panya wake chai na mandazi kidogo.

Tena kuna nyani. Vituo viwili vya Marekani vilifuga nyani kwa zaidi ya miaka 20, kundi moja linakula kawaida na lingine limepunguziwa. Cha Wisconsin kilitangaza mwaka wa 2009 kwamba waliopunguziwa walikuwa wanafanya vizuri zaidi. Kingine, cha serikali, kikatangaza mwaka wa 2012 kwamba hakikuona maisha yakirefuka. Watu wakachanganyikiwa. Walipokagua sahani, walikuta kwamba chakula cha Wisconsin kilikuwa na sukari zaidi ya robo yake, na cha kituo kile kingine kilikuwa na sukari kidogo sana na kilitokana na vyakula vya asili. Hiyo haikuwa tofauti pekee, lakini ni kubwa. Ukila vibaya, kupunguza kunakusaidia sana. Ukila vizuri na kwa kiasi, faida ya kupunguza zaidi inakuwa ndogo.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Kiasi kina maana, na ulafi ni dhambi, tusiupambe. Lakini anza na ubora. Mtu akila ugali wa unga usiokobolewa, maharagwe na managu, atashiba mapema na hatasikia njaa saa nne. Kiasi kitajirekebisha chenyewe kwa sehemu kubwa. Mtu akipunguza tu kile chakula kilichokobolewa, atavumilia wiki tatu, halafu atakirudia kwa hasira.

Na mfungo? Tunafunga ili kumtafuta Mungu. Kilo zikipungua ni sawa, lakini hilo silo lililotupeleka magotini. Danieli na wenzake hawakukaa bila chakula zile siku kumi. Walikula, wakashiba, ila walibadilisha kilicho kwenye sahani. Wewe unayetumia dawa za sukari au presha, usifunge bila kuongea na daktari wako kwanza, na usiache dawa kwa jina la imani. Kina mama wajawazito, wanaonyonyesha, na watoto wanaokua, habari ya kula kidogo si yenu. Trowell alikaa miaka akipambana na kwashiakoo kwa watoto wa Uganda. Mtoto anahitaji maharagwe, maziwa na mayai, si sahani tupu.

Unga wetu wa Ziwa

Sasa turudi nyumbani. Sisi wa Ziwa tunalima mahindi, tena mahindi mazuri. Tunavuna, tunakausha, tunauza. Mahindi yanaenda kiwandani, yanakobolewa: ganda linatolewa, kiini kinatolewa, unabaki unga mweupe laini. Kisha tunakwenda dukani kununua unga huo kwenye paketi, kwa bei kubwa kuliko ya kusaga mwenyewe kwa posho. Pumba na kile kiini tunavinunua pia, kwenye duka la vyakula vya mifugo, tunampa ng'ombe atoe maziwa.

Kwa hesabu ya biashara, hapo tumelipa mara mbili. Tumelipa kiwanda kitutolee sehemu yenye nguvu, halafu tumelipa tena ng'ombe aile. Ng'ombe wa Ziwa anakula vizuri kuliko mwenyewe! Nyinyi mnaofuga mnajua: ng'ombe akikosa majani na pumba, hata maziwa hayatoki. Mbona watoto wetu tunawalisha tofauti?

Serikali iliona shida hiyo kwa sehemu, na tangu mwaka wa 2012 viwanda vinatakiwa kuongeza madini na vitamini kwenye unga wa paketi. Ni jambo jema, hasa madini ya chuma kwa kina mama. Lakini nyuzinyuzi hazirudishwi.

Nina tahadhari moja. Unga wa posho ni mzuri ukitoka kwa mahindi mazuri. Mahindi yenye ukungu yana sumu ya aflatoksini. Mwaka wa 2004 iliwaua watu 125 hapa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Sumu hiyo hujaa zaidi kwenye ganda na kiini, sehemu zilezile tunazotaka kuzila. Kwa hivyo kausha kwenye turubai, si kwenye udongo, mpaka unyevu ufike asilimia 13.5 au chini. Chambua yaliyooza. Yaliyoharibika usiyapeleke posho, na usimpe ng'ombe, maana sumu inapita kwenye maziwa. Unga usiokobolewa pia hauweki sana, kwa hivyo saga kidogo kidogo.

Wazee wetu walikula ugali wa wimbi na mtama, mboga za kienyeji, na mursik. Hawakujua neno nyuzinyuzi. Sisi tumesoma, tukaona managu ni chakula cha maskini, tukaweka chapati nyeupe na soda kwa wageni. Kwenye harusi zetu na matanga yetu, mboga ya majani ndiyo hupakuliwa mwisho, kijiko kimoja.

Funga mfereji

Burkitt alikuwa na picha moja aliyopenda kuonyesha kwenye mihadhara yake. Sinki imefurika, maji yanamwagika chini, na watu wamejaa bidii wakipanguza sakafu. Mfereji juu yao uko wazi, na hakuna anayeufunga. Alimaanisha hospitali. Tunatafuta wapanguzaji zaidi, matambara bora zaidi, na mfereji bado unatiririka.

Mimi naamini Mungu anaponya. Nimeliona kanisani humu, na nitaendelea kuweka mikono juu ya wagonjwa. Lakini nikiangalia orodha yetu ya maombi ya Jumatano, sukari, presha na tumbo vinaijaza. Tunafanya harambee za kupeleka watu Eldoret, watu wanauza ng'ombe, wanauza hata kipande cha shamba. Nikihesabu pesa hizo nauliza: hivi hakuna mfereji tunaoweza kuufunga sisi wenyewe, kwa gunia la mahindi tuliyolima na mboga iliyo nyuma ya nyumba?

Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Burkitt aliamini hivyo, na aliitunza miili ya watu wasiomfanana, watoto wa Lango na Busoga, kabla ya kugeuka kuwaonya watu wake mwenyewe. Jicho moja lilimtosha kuona kile wenye macho mawili walikiita takataka. Mungu atupe macho ya kuona kilicho kwenye sahani zetu, na kile kilichoondolewa humo.

Kwa shirika za nyumbani wiki hii

1. Someni Danieli 1 pamoja. Zungumzeni: Danieli alikataa nini, na alikula nini badala yake?

2. Kila familia ihesabu vijiko vya sukari kwa siku moja, kwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza, ikiwezekana, kama gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Vikombe vinne vya chai vyenye vijiko viwili viwili vimeshapita hapo, na bado soda hujainywa.

3. Kwa wiki mbili jaribuni unga wa posho, au mchanganye na wimbi. Mboga za kienyeji angalau siku nne kwa wiki, maharagwe au ndengu angalau siku tatu. Anza polepole na unywe maji ya kutosha, tumbo lizoee. Mwenye ugonjwa wa tumbo aongee na daktari kwanza.

4. Ambaye hajapimwa sukari na presha mwaka huu, aende akapimwe. Mwenye kupata choo chenye damu asione haya wala asingoje maombi ya Jumapili. Aende hospitali, na sisi tutamwombea akiwa njiani.

Mungu awabariki. Tuonane Jumapili.